Mshale wa Upepo Ukishuka, Basi la Shule Lisiondoke

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tuliikariri tangu madarasa ya chini, tukaiandikia insha na kupewa alama zetu, kisha tukaiacha pale pale darasani pamoja na vumbi la chaki. Laiti ingetoka nje, ikavuka uwanja wa gwaride na kufika mahali linapoegeshwa basi la shule, ingalitufaa zaidi ya alama. Maana katika breki za basi kubwa, ufa si lazima uwe mkubwa ndipo uue. Tundu ambalo jicho haliwezi kuliona, likivujisha hewa pole pole, latosha kumnyang'anya dereva nguvu aliyodhani anayo chini ya mguu wake.

Nimekusudia leo kuzungumza na walimu wenzangu pamoja na wanafunzi wetu juu ya jambo ambalo wengi tumezoea kulisukumia madereva na mafundi peke yao, nalo ni kupungua kwa shinikizo la hewa katika breki za basi. Madereva wetu huiita hewa hiyo upepo. Ukimsikia dereva akisema, "Gari halina upepo," usidhani anazungumzia magurudumu. Huenda anakuambia kwamba maisha yako yamo hatarini. Hoja yangu ni fupi: mshale wa upepo ukishuka pasipo sababu inayojulikana, basi lisiondoke mpaka sababu hiyo ipatikane, na sababu hupatikana kwa kufuata utaratibu, si kwa kubahatisha.

Kwanza tuelewane kuhusu magari yenyewe. Si kila gari la shule lina breki za namna hii. Matatu na magari madogo hutumia mafuta ya breki. Mabasi makubwa na malori mazito ndiyo yanayotegemea upepo, na yapo ya wastani yanayochanganya vyote viwili, hewa ikiyasukuma mafuta. Katika basi la upepo, injini huendesha kompresa, yaani pampu inayovuta hewa ya kawaida na kuikandamiza. Hewa hiyo hupitia katika kikaushio kinachoipunguzia unyevu, kisha huwekwa akiba katika matangi ya chuma yaliyofungwa chini ya basi. Dereva anapokanyaga breki, mguu wake hausukumi magurudumu. Hufungua vali tu, na hewa hukimbilia chemba zilizo karibu na magurudumu. Ndani ya chemba mna mpira mpana mithili ya ngozi ya ngoma. Mpira husukuma fimbo, fimbo huzungusha mkono wa breki, nazo lainingi hubanwa juu ya dramu mpaka gurudumu likatii.

Mwanafunzi wa fizikia hana haja ya kuambiwa mengi hapa. Nguvu ni shinikizo mara eneo. Mpira wenye eneo la inchi mraba 30, ukipokea pauni 100 kwa kila inchi mraba, huisukuma fimbo kwa nguvu ya pauni 3,000, ambazo ni zaidi ya kilo 1,300. Shinikizo la tangi likiteremka hadi pauni 60, nguvu ya juu kabisa anayoweza kuipata dereva katika chemba hiyo ni pauni 1,800. Basi ni lile lile na wanafunzi ni wale wale, wala mteremko haukupungua. Kilichopungua ni uwezo wa kulisimamisha. Kwa wale ambao geji zao huhesabu kwa bar, pauni 100 ni karibu bar 7.

Historia nayo ina la kutufunza. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya hewa kwa ajili ya treni. Katika mtambo wake wa kwanza, hewa ilitoka kwenye garimoshi ikapitia bombani na kuzibana breki za mabehewa. Ulikuwa uvumbuzi mkubwa, ila ulikuwa na dosari moja ya kutisha: bomba likikatika, hewa yote ilipotea na mabehewa yakabaki hayana breki. Mwaka 1872 Westinghouse aliugeuza mpango huo juu chini. Kila behewa lilipewa tangi lake na vali iliyotambua kuwa shinikizo la bomba limeshuka. Tangu hapo, bomba likikatika breki hujifunga zenyewe. Hasara ya hewa, iliyokuwa mauti, ikageuzwa kuwa onyo.

Busara hiyo ndiyo iliyomo katika breki ya kuegeshea ya mabasi ya leo. Breki hiyo hufungwa na springi nzito, na hewa ndiyo inayoishikilia springi isibane. Hewa ikipungua mno, mara nyingi kati ya pauni 20 na 45, springi hujifungua na kuyakamata magurudumu. Ndiyo maana basi lililokosa upepo hugoma kutoka uani hata injini ikinguruma namna gani. Ndugu msomaji, basi hilo halina ukaidi, bali linakulinda. Hata hivyo mtu asijidanganye kuwa springi hizo zitamwokoa safarini. Kwa kawaida zimefungwa katika magurudumu ya nyuma tu, huweza kukamata ghafla, na ikiwa breki zimelegea au dramu zimepata moto, nazo hushindwa kama zilivyoshindwa zile nyingine.

Katika mabasi mengi kompresa huacha kuongeza hewa mshale ufikapo pauni 120 au zaidi kidogo, na huanza tena unapoteremka karibu na 100. Kifaa kinachotoa amri hiyo mafundi hukiita gavana. Kabla mshale haujateremka chini ya 60, taa nyekundu huwaka au buza hulia. Kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu wa tarakimu hizi, lakini aliyezijua hizo ana pa kuanzia. Jambo moja halina mjadala: buza likilia barabarani, dereva atafute mahali salama asimame papo hapo, akiwa bado ana hewa ya kumsimamisha. Asiseme, "Tufike kwanza pale mjini."

Sasa tuje kwenye utafutaji wa sababu. La kusikitisha ni kwamba tumezoea kutengeneza magari kama mganga anayempa mgonjwa dawa zote zilizomo mkobani, akitumaini mojawapo itafaa. Mshale umeshuka, basi kompresa mpya inanunuliwa kwa fedha za wazazi. Siku ya tatu mshale unashuka tena. Inanunuliwa vali. Mwezi unakwisha, nalo tundu liko pale pale lilipokuwa siku ya kwanza. Utaratibu ungeokoa fedha hizo na wakati huo, na utaratibu wenyewe ni maswali matatu yanayofuatana.

Swali la kwanza: je, mshale unasema kweli? Geji nazo huharibika. Mabasi ya upepo ya kisasa yana mikondo miwili ya hewa inayojitegemea, ili mmoja ukipasuka mwingine ubaki, na kwa hiyo dashibodi huwa na mishale miwili. Mishale yote miwili ikishuka pamoja, chanzo huenda kiko mahali pa pamoja, kama vile kompresa. Ukishuka mmoja na mwingine ukasimama imara, basi ama mkondo huo ndio unaovuja, ama geji hiyo ndiyo inayodanganya. Fundi hufunga geji nyingine anayoiamini na kulinganisha. Kazi ya dakika chache huweza kuzuia gharama ya bure.

Swali la pili: je, hewa haitengenezwi, au inatengenezwa kisha inapotea? Hapa ndipo njia hugawanyika. Injini iwashwe na mtu ashike saa. Kwa kipimo kinachotumiwa na Wamarekani kuwatahini madereva wao, mshale unapaswa kupanda kutoka pauni 85 hadi 100 katika muda wa sekunde 45 injini ikiwa katika mwendo wake wa kazi. Ukipanda kwa kusitasita ilhali hakuna mlio wa kuvuja popote, mtuhumiwa ni utengenezaji wa hewa. Huenda chujio la hewa limezibwa na vumbi, au mkanda unaozungusha kompresa umelegea. Pengine bomba linalotoka kwenye kompresa limejaa masizi, au gavana anaiambia kompresa ipumzike kabla ya wakati. Na kama maji yanayotolewa katika tangi yana mafuta mengi meusi, yaelekea pistoni za kompresa zimechakaa.

Mshale ukipanda vizuri lakini ukashuka baada ya injini kuzimwa, kompresa haina hatia. Twende basi kwenye swali la tatu: hewa inapotelea wapi?

Basi liegeshwe mahali tambarare na magurudumu yawekewe kabari madhubuti. Hewa ijazwe, injini izimwe, breki ya kuegeshea ifunguliwe, na mshale utazamwe kwa dakika moja bila kukanyaga chochote. Kwa kipimo hicho hicho, gari lisilovuta tela halipaswi kupoteza zaidi ya pauni 2 kwa dakika. Kisha breki ikanyagwe, mguu ubaki pale pale, na baada ya mshale kutulia uhesabiwe tena. Hapa kikomo ni pauni 3 kwa dakika. Majaribio haya mawili hayahitaji spana hata moja, lakini humwonyesha fundi mahali pa kutazama.

Ikiwa hewa huvuja tu wakati breki imekanyagwa, tundu liko mahali ambapo hewa hufika wakati huo peke yake: katika vali ya mguu, katika mipira inayokwenda magurudumuni, au katika mpira mpana ulio ndani ya chemba. Ikiwa huvuja tu breki ya kuegeshea inapofunguliwa na kunyamaza inapofungwa, mashaka yaelekezwe upande wa springi. Na kama huvuja wakati wote, pasitazamwe magurudumu kwanza, bali matangi, viungio, kikaushio, gavana na vifaa vya ziada vinavyokunywa hewa, kama vile milango, honi na viti vya upepo. Hapo ndipo maji ya sabuni yanapoingia kazini. Fundi hupaka povu penye mashaka, na mahali panapotoa mapovu ndipo penye kosa. Basi likiwa mahali pa kimya, sikio nalo ni chombo kizuri.

Liko jambo jingine ambalo geji haitamwambia mtu kamwe, nalo ni maji. Hewa tunayoivuta ina unyevu, nayo ikikandamizwa na kupoa, unyevu huo hugeuka maji na kutuama chini ya tangi. Chini ya tangi pana koki ya kuyatolea. Koki hiyo isipofunguliwa, maji huongezeka siku baada ya siku, hutia kutu na kula nafasi ya hewa. Mshale huweza kuonyesha pauni 120 huku nusu ya tangi ni maji. Shinikizo ni kamili, lakini akiba ni nusu. Ikiwa tangi kavu hupoteza pauni 5 kila breki inapokanyagwa, tangi hilo litapoteza takriban 10. Huu ni mfano wa hesabu tu, ila maana yake ni nzito: shinikizo na wingi wa hewa ni vitu viwili mbalimbali, na mteremko mrefu hukidai kile cha pili. Dereva mwerevu huzima injini, hukanyaga breki mara kadhaa na kuhesabu jinsi mshale unavyoteremka. Ukiteremka upesi kuliko desturi, afungue koki aone kitakachotoka. Ikitoka hewa kavu, mafundi wapime mikono ya breki, kwa kuwa breki iliyolegea humfanya mpira wa chemba usafiri mbali na kunywa hewa nyingi kwa kila kukanyaga.

Kuhusu mteremko, nani asiyejua ile barabara ya kutoka Sachangwan hadi Salgaa, au mteremko wa kuingia Daraja la Nithi? Mwezi wa Julai mwaka 2022 basi la abiria lilitumbukia kutoka katika daraja hilo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Sitoi hukumu juu ya chanzo cha ajali fulani, kwani hiyo ni kazi ya wachunguzi. Nisemalo ni kwamba mahali kama hapo gari zito huiuliza breki maswali magumu mfululizo, na breki hujibu kwa akiba iliyotoka nayo nyumbani. Anayekanyaga na kuachia, akakanyaga na kuachia, huku gia ikiwa juu, huteketeza hewa na kuzichoma lainingi kwa wakati mmoja. Gia ndogo ichukuliwe kabla ya mteremko kuanza, si katikati yake.

Basi la shule lina tatizo lake mahususi, nalo ni likizo. Basi la abiria hufanya kazi kila siku na kasoro yake hujitokeza upesi. Basi la shule huweza kulala wiki kadhaa za Aprili, za Agosti na za mwisho wa mwaka, jua likilichoma na mvua ikilinyeshea. Mipira hukauka na kupata nyufa, kutu hushika vali, maji hukaa katika matangi. Kisha siku ya kwanza ya muhula linajazwa watoto na masanduku. Huko Marekani wako watu wanaonunua mabasi ya shule yaliyostaafu, wakang'oa viti na kuweka vitanda, jiko na makabati, wakafanya basi kuwa nyumba ya kusafiria. Nao hukumbana na mkasa huo huo. Nyumba hukaa miezi mingi bila kwenda popote, na siku ya safari mshale hukataa kupanda, au hupanda ukateremka. Wengine huwa wameongeza vifaa vinavyotumia hewa, wakavichomeka popote walipoona bomba. Tofauti yetu na wao ni moja tu. Mwenye nyumba ile akiahirisha safari, hakuna anayemgombeza, lakini dereva wa shule akiahirisha, ana watu wengi wa kujibu.

Nalisema hili kwa kuwa nalikuwapo siku dereva mmoja alipoitwa mvivu mbele ya wanafunzi. Shule siitaji. Kwaya ilikuwa imekwisha kupanda basi, sare zimepigwa pasi, tamasha la muziki linangoja umbali wa saa tatu. Buza lilikuwa likilia, likinyamaza, likilia tena.

"Mzee, watoto wanangoja," mwalimu aliyesimamia safari alimwambia. "Si litajaa mkiwa njiani?"

"Mwalimu, likinyamaza nitakwenda," dereva alijibu. "Sasa hivi linalia, na mimi ndiye ninayelisikia."

Maneno yalikuwa makali, na mengine hayafai kuandikwa. Yule mzee hakujibu. Alichukua ufunguo, akautia mfukoni, akasimama kando ya mlango. Fundi aliitwa, akaja na ndoo ya maji ya sabuni. Hazikupita saa mbili alipokuta mapovu yakichemka kwenye kiungio cha honi ya upepo, honi ambayo wanafunzi waliipenda mno na ambayo ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na tangi la breki, bila ile vali inayozuia kifaa cha ziada kuimaliza hewa ya kusimamishia gari. Aliliziba bomba la honi, mshale ukapanda na kutulia. Kwaya ilifika imechelewa na ikaimba ya mwisho. Ushindi haikupata. Lakini jioni ilirudi, kila mtoto kwa miguu yake, na sikumsikia mtu yeyote akimwomba yule mzee radhi.

Hilo ndilo linalonikera. Tunawafunza wanafunzi wetu kwamba ushahidi hutangulia hukumu, kisha mbele yao tunamlazimisha mtu mwenye ushahidi aufiche ili ratiba isiharibike. Je, mtoto ajifunze nini hapo? Kwamba sayansi ni ya mtihani, na barabarani ni bahati na sala?

Wapo wanaokwenda mbali zaidi. Buza likisumbua, waya wake hukatwa. Springi zikiyakamata magurudumu, hukazwa kwa boliti ili basi liondoke hivyo hivyo. Njia hiyo ya kukaza ipo kwa sababu halali, ili gari bovu liweze kukokotwa. Kuitumia kubebea abiria ni kulirudisha gari mwaka 1869, ambapo bomba likikatika hakuna kinachobaki. Anayekata waya wa buza hajaponya ugonjwa, amemziba mgonjwa mdomo.

Ninapendekeza nini basi? Kwanza, kila basi la shule liwe na daftari lake, na kila asubuhi kabla ya safari dereva aandike mambo manne: mshale umechukua sekunde ngapi kupanda, umepoteza kiasi gani kwa dakika bila mguu, umepoteza kiasi gani na mguu, na maji yaliyotoka tangini ni haba au ni mengi. Mwalimu wa zamu atie sahihi. Kazi hiyo haizidi robo saa. Faida yake ni kwamba basi hulinganishwa na lenyewe. Hili ni muhimu katika nchi yetu yenye mabonde na vilima. Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni karibu robo tatu tu ya lile la Mombasa. Kompresa nzima kabisa, ikivuta hewa hiyo nyepesi, itachukua muda mrefu zaidi kujaza tangi lile lile. Kwa hiyo dereva wa Pwani na dereva wa nyanda za juu hawatakuwa na tarakimu sawa, na hapana neno. Neno lipo pale tarakimu ya basi moja, mahali pamoja, inapobadilika wiki hii kuliko wiki iliyopita. Daftari humnong'oneza fundi kabla buza halijapiga kelele.

Pili, neno la dereva kuhusu breki liwe la mwisho. Bodi za shule ziliandike hilo waziwazi, ili asiwepo mwalimu mkuu, mzazi wala mgeni wa heshima awezaye kumwamuru aondoke na mshale ulioshuka. Na dereva atakayeondoka nao aulizwe kwa ukali ule ule.

Tatu, na hili nawaambia walimu wa fizikia na hesabu, basi hilo ni maabara isiyohitaji kununuliwa. Mtaala wetu wa umilisi unataka mwanafunzi atende, si akariri. Haya basi, wanafunzi watano waketi nyuma ya dereva na saa zao, wausome mshale kila baada ya sekunde kumi, wachore grafu ya kupanda na ya kushuka. Wataiona sheria ya Boyle ikitenda kazi, na watafahamu kwa nini tangi lenye maji hudanganya. Darasa la Kiswahili nalo lipate kazi: waieleze hatua kwa hatua njia ya kutafuta tundu, kwa lugha ambayo utingo ataielewa. Ila pawe na mpaka. Mwanafunzi asitambae chini ya basi kwa hali yoyote, na chemba ya springi isifunguliwe na mtu asiyefunzwa kazi hiyo, kwani springi iliyobanwa humo ina nguvu ya kuua mtu papo hapo. Wanafunzi wasome, wahesabu na waulize. Spana waachiwe wenye nazo.

Muhula mpya ukianza, mabasi ya manjano yatatoka tena, moja baada ya jingine, yakielekea michezoni, tamashani na ziarani. Mwalimu unayepanda na wanafunzi, kabla ya kuhesabu vichwa, jongea mbele utazame dashibodi. Ukiona mshale umelala, muulize dereva kwa heshima, "Mzee, upepo umefika?" Akikuambia bado, kaa kitako ungoje pamoja naye.